Mabusu Manne

Kisu cha mkate kilitua ubaoni kwa kishindo, na sebuleni mazungumzo yakakatika.

"Ni mimi tu!" Mutinta akapaza sauti kutoka jikoni. "Mkate mgumu huu!"

Mkate ulikuwa laini, wa moto bado. Iliyokuwa ngumu ni hasira yake. Tangu jioni ianze kengele ya mlango ilikuwa hailali, na kila mgeni aliyeingia alizunguka chumba kizima akipeana mashavu na kila mtu: kulia, kushoto, kulia tena, kushoto tena. Mabusu manne kwa kila kichwa, maana hapa Nantes mawili hayawatoshi. Mke wa huyu na mume wa yule, shavu kwa shavu, wala hakuna anayeona haya.

Kwao Choma, Zambia, mwanamke humsalimia mwanamume akiwa mbali kidogo, magoti ameyakunja, akipiga makofi taratibu. Hakuna ndevu za mtu kukukwaruza. Mutinta alikuwa na mwaka wa pili kwenye ndoa ya Kifaransa, na bado kila ndevu ilimchoma.

Lakini hasira yenyewe haikuwa ya ndevu. Ilikuwa ya Gildas, mumewe. Mwezi uliopita, kwenye sherehe ya ofisini kwake, Gildas alimpa msichana wa mapokezi mabusu yake manne, mkono begani, kicheko juu. Mutinta akamvuta koti mbele ya watu wote. Loo! Gildas alingoja wafike nyumbani.

"Umenivua nguo," alisema. "Ile ni salamu, Mutinta. Salamu! Ukinifanyia tena kituko kama kile, bora urudi kwenu."

Urudi kwenu! Kwa ajili ya mashavu ya msichana wa mapokezi! Maneno hayo alitembea nayo mwezi mzima. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mtihani, maana ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa mama mkwe, Annick. Ukoo mzima ulikuwa umejaa sebuleni, na Gildas alikuwa njiani kutoka Strasbourg, mji wa mbali upande wa pili wa nchi, alikokuwa kikazi wiki nzima. Mutinta akikunja uso tu mbele ya watu hawa, ndoa hana.

Solenn aliingia jikoni, akachukua figili, akaichovya kwenye siagi. Alikuwa jirani wa ghorofa ya juu, mtu pekee mjini humo ambaye Mutinta alimwita shoga. Naye alikuwa amerudi mchana uleule kutoka mji wa Vannes, alikolala kwa mama yake, bado ana macho ya safari.

"Shoga, huo mkate umekukosea nini?"

"Niache mie. Huko ndani wananilamba kama ng'ombe anavyolamba ndama."

Solenn akacheka mpaka figili ikataka kumpalia. "Mashavu tu hayo. Midomo haigusi hata."

"Ya Gildas inagusa!"

"Hebu acha wivu wako. Mwanamume anayebusu wanawake mbele ya macho yako ana nini cha kukuficha?"

"Wewe hujaolewa, utajua wapi?"

"Ndiyo maana najua," Solenn akasema, akachukua figili nyingine.

Annick akachungulia mlangoni, glasi mkononi. Mutinta akafuta mikono haraka, akamwendea na shavu mbele.

"Ah, mwanangu, tena?" Annick akarudi nyuma akicheka. "Si tulisalimiana asubuhi sokoni? Mara moja kwa siku inatosha! Ukirudia, mtu atadhani asubuhi hukumtambua."

Sebuleni wakaangua kicheko. Uso wa Mutinta ukawaka moto. Akiwakwepa, ni mshamba. Akiwabusu, ni mshamba vilevile. Watu gani hawa, salamu ina sheria kushinda mahakama!

"Jikaze," Solenn akamnong'oneza, akimshika kiwiko. "Akiingia, wewe tabasamu tu. Usiache ndoa ivunjike kwa mashavu."

Mara magurudumu ya sanduku yakasikika kwenye korido. Gildas akaingia, koti limekunjamana.

"Jamani, hiyo treni ya Strasbourg!" akalalamika. "Tangu mchana nimekaa, mgongo si wangu tena."

Akamkumbatia mkewe mlangoni mwa jikoni, kisha akaanza mzunguko wake. Mama yake. Shangazi zake. Mke wa binamu yake, yule anayenukia duka zima la manukato, ambaye alibusiwa huku akicheka kwa sauti na kumshika Gildas shingoni. Mutinta alikunja ngumi nyuma ya aproni hadi kucha zikamwingia kiganjani. Annick alikuwa anamtazama. Wote walikuwa wanamtazama, wakingoja mwanamke wa Zambia alipuke.

Hawatampata. Si leo! Hasira hiyohiyo ndiyo iliyomtoa jikoni, kichwa juu. Kama ni salamu, basi atawaonyesha kwamba anaijua kuwashinda. Akaangaza macho chumbani. Solenn alikuwa ametoka jikoni, amesimama karibu na dirisha, na Gildas alikuwa amempita, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya vinywaji.

"Gildas!" Mutinta akaita, tabasamu limeenea uso mzima. "Mbona umemruka Solenn? Mpe na yeye manne yake, au unaniogopa?"

Sebule ikalipuka kwa shangwe. Annick akampigia makofi mkwewe, macho yamemlowa kwa furaha.

Gildas alikuwa ameinama, anahangaika na kizibo cha chupa ya mvinyo. Hakuinua hata kichwa.

"Aa, sisi tayari," alisema. "Tulishasalimiana leo asubuhi."