Kanyagio la Piano

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Hidaya, mtunza santuri wa redio ya mji, aliweka sindano kwenye santuri ya konsheto, muziki wa piano na okestra, aliyoipenda kuliko zote. Jalada la santuri hiyo lilikuwa linapelekwa kuchapishwa upya siku hiyo. Jina la Mzee Chande, fundi wa piano aliyekaa mbele yake, halikuwemo.

"Kila mzee wa mji huu anasema alikuwepo kwenye kurekodi," alisema Hidaya.

"Basi sikiliza, mjukuu wangu. Sehemu ya pili, filimbi ikinyamaza, kanyagio la piano litalia mara moja. Grisi iliniishia, nikapaka mafuta ya nazi. Yakaganda kwa baridi ya studio."

"Naisikiliza miaka tisa, babu. Hakuna kitu kama hicho."

"Ulikuwa unasikiliza muziki."

Sehemu ya pili ilianza. Piano ilishuka taratibu, filimbi ikanyamaza. Mzee Chande aliinua kidole, na baada yake kanyagio likalia, kwa sauti nyembamba kama bawaba ya kabati.

Hidaya alirudisha sindano. Likalia tena.

Alichukua kalamu na nakala ya jalada. "Niandike majina yako mawili, babu?"

"Matatu. Langu, la baba na la babu."

Aliyaandika yote matatu. Kidole cha mzee kilikuwa bado juu.