Aliyeshika Ngazi

Mgeni aliingia uani kwa Badibanga bila kupiga hodi, kuku hai kwapani, na kabla hata ya kusalimia akauliza, "Nani njo alikamata ngazi?"

Watu wote walimgeukia Mukalay.

"Ni mi, tata," alijibu, macho yakiwa chini.

Siku tatu nyuma, Jumapili, jirani yake Badibanga, fundi seremala, alikuwa amepanda juu ya nyumba ya Mukalay kuziba bati lililovuja. Ngazi iliteleza. Badibanga aliangukia mawe, mfupa wa mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Hospitali aliikataa katakata. Ndipo mkewe, Tshiela, alipotuma watu kimyakimya wamlete mganga wa mifupa kutoka Mutshatsha.

Mzee yule aliunyoosha mguu wa Badibanga, akaufunga kwa matete na kamba za magome. Kisha akamshika kuku, akamvunja mguu wa kulia, akamfunga vilevile.

"Mufupa ya mutu na mufupa ya kuku itaunga pamoja," alisema. "Siku kuku atatembea, mutu atasimama. Na weye wa ngazi, utamulisha kila mangaribi kwa mukono yako."

Mukalay alipokea kuku kama mtu anayepokea hukumu. Ngazi haikuteleza yenyewe. Yeye aliiacha. Alizunguka nyuma ya jiko mara moja tu, apige funda moja la lutuku, pombe kali, kutoka kwenye chupa aliyoificha katikati ya kuni. Funda lilikuwa bado kooni aliposikia kishindo.

Hakumwambia mtu.

Tangu hapo, king'ora cha karakana alikofanya kazi kilipolia saa kumi, hakupita tena kilabuni kwa Valérie. Alikwenda moja kwa moja kwa Badibanga. Alichota maji, alipasua kuni, alimlisha kuku, kisha alimwosha mgonjwa miguu. Pombe hakuigusa. Kila alipoikumbuka chupa ile, alisikia mfupa ukivunjika.

"Mutu ya Kabongo kuosha miguu ya mutu ya Kasai," Badibanga alimtania, kwa utani wa makabila yao. "Bankambo yako bakikuona, batakufa mara ya pili."

"Nyamaza, sha. Leta mguu."

"Kwanza pumua hapa." Badibanga alimnusa mdomo. "Ee. Leo unanukia sabuni tu." Akacheka peke yake.

Jioni moja, katika wiki ya saba, Mukalay aliona vumbi jekundu kwenye nyayo za mgonjwa, za miguu yote miwili.

"Vumbi ya mugodi, tata," Tshiela alisema upesi. "Inaingia mpaka mu kitanda."

Wiki nane zikapita, kisha tisa, kisha kumi. Kuku alinenepa, macho yakang'aa, lakini kila jioni Mukalay alimkuta amelala kikapuni, mguu umefungwa. Na Badibanga amelala kitandani. Mukalay alianza kuona kwamba neno alilolificha ndilo lililowafunga wote wawili. Nyumbani hakupata wa kumwambia. Mkewe, Mbuyu, siku hizi aliimba jikoni, na Mukalay hakuelewa mtu anaimbaje wakati jirani yake amelazwa.

Kisha ikaja habari ya shule. Padri alikuwa anajenga shule kubwa Mutshatsha, na fundi mkuu wa mapaa alitakiwa awe Badibanga. Angepewa kazi ya miaka miwili, nyumba ya matofali, na vijana wa kuwafundisha. Badibanga alikuwa ameingoja kazi kama hiyo tangu mwaka wa hamsini na mbili. Sasa ulikuwa wa hamsini na sita. Padri alikubali kumngoja mpaka treni ya Jumamosi. Kama angekuwa bado kitandani, kazi ingekwenda kwa fundi mwingine, Kabeya.

Usiku wa Ijumaa Mukalay hakulala. Jumamosi saa sita alimwomba msimamizi ruhusa, akatoka karakana karibu anakimbia. Angesema yote. Angesema mbele ya Tshiela, mbele ya kuku, na labda mfupa ungekubali kabla ya treni kuondoka.

Alikata njia kwa nyuma, akafika kwenye ua wa matete. Akasikia vishindo vya miguu. Akachungulia.

Badibanga alikuwa anakimbia.

Alimkimbiza kuku kuzunguka jiko, na kuku naye alikimbia kwa nguvu zote, mpaka akamnasa penye kinu. Akaketi, akamlaza mapajani, akaanza kumfunga mguu kwa matete, polepole, asimuumize.

"Treni bado iko," Tshiela alisema, mikono kichwani. "Padri anangoya. Kimbia, baba. Utafunga hii kuku mpaka lini?"

"Mbuyu alipiga magoti mbele ya kitanda yangu, alilia. Nikamupa neno. Bwana yake atakuya hapa miezi tatu, hatapita kwa Valérie. Inabakia siku tisa."

"Na mutu mwenyewe njo alikuangusha."

"Nilimuona, Tshiela. Toka juu ya bati nilimuona anaenda kwa chupa yake. Nikaendelea kupiga musumari."

"Basi Kabeya akamate kazi yako?"

Kutoka stesheni treni ilipiga filimbi, ndefu, kisha fupi. Badibanga alisubiri mpaka ikanyamaza. Akakaza fundo, akamweka kuku kikapuni, akaingia ndani kwa miguu yake miwili mizima, akajilaza.