Mkangaga wa Shekiondo

Tangu mikangaga ya Usambara, ile mimea ya msituni mirefu kupita migomba, ipewe sauti, kila kaya ilitakiwa kuzungumza na mkangaga wake kila asubuhi, la sivyo ungenyauka. Aliyeulea ndiye aliyeuchagulia sauti, na kwa kina Shekiondo mlezi alikuwa yeye.

Shekiondo alirudi kutoka msituni akitabasamu peke yake, chai akainywa kimya.

“Huna hata neno?” mkewe, Nangasu, alimuuliza.

“Nimeshazungumza, mama Hoza.”

“Kumbe nina mke mwenza!” Akachukua panga, akapanda mlimani hadi kwenye mkangaga.

Aliukuta umesimama kama mwali aliyetolewa nje, majani yake mapana yakichuja jua. Uzuri ule ulimchoma. Akainua panga.

“Umerudi, mpenzi?” mkangaga ukauliza, ukacheka.

Mkono ukamganda. Ilikuwa sauti ya Nangasu mwenyewe, ya mwaka wa harusi yao.

Hapo ndipo wivu ulipompanda kweli.