Kamba za Viatu vya Ensio

Ensio alilegeza magoti makusudi, akaanguka katikati ya watu waliokuwa wakikumbana mbele ya jukwaa. Kwenye tamasha la muziki wa metali, ule wa magitaa yanayonguruma, hapo mjini Tampere, Ufini, anayeanguka huinuliwa papo hapo.

Mikono ya wageni ikamdaka makwapani, ikamsimamisha. Mkono mmoja, wa moto na wenye jasho, ulikawia begani mwake. Tangu amzike mkewe, hakuna aliyemgusa ila kinyozi.

Wimbo uliofuata akaanguka tena.

“Mzee wangu, wewe tena?” jitu lenye ndevu lilimpigia kelele sikioni. “Bia ngapi hizo?”

“Sijaonja hata moja. Kamba za viatu zimefunguka.”

Mwenye ndevu akapiga goti, akazipapasa. Zilikuwa zimekazwa mafundo mawili mawili.

Akamtazama Ensio usoni. Kisha akazifungua, akaanza kuzifunga upya, taratibu.