Mwanga Ndani ya Chupa

Mkokoteni wenye mizigo ya Bi Zamda ulikuwa umeshatoka lango la maabara alipomsimamisha mchukuzi, akarudi ndani.

"Umesahau nini, mama?" aliuliza Ngole, kijana aliyekuja na kompyuta.

"Sijasahau kitu. Nataka kuona ulivyonichezea."

Kompyuta ya Ngole ilitabiri ni nyuzi zipi za polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, zikitiwa majini, zitajikunja zenyewe kuwa vijipira vya kubebea dawa, vidogo visivyoonekana kwa jicho. Bi Zamda alizeeka akizitafuta kwa kujaribu na kukosea. Utabiri ulifaulu mara moja mbele ya wakubwa, naye akaambiwa kazi yake imekwisha.

"Vijipira uliviweka mapema," alisema.

"Haya, changanya mwenyewe, nisije nikaitwa mchawi."

Bi Zamda akasuuza chupa, akatia maji aliyoyachuja kwa mkono wake. Akatoa tochi mkobani, akaimulika chupa ubavuni. Mwanga ulipita bila kuacha alama, kama unavyopita kwenye maji matupu. Ndipo akadondoshea nyuzi zilizochaguliwa na kompyuta, zilizoyeyushwa kwa spiriti, akatikisa, akamulika tena.

Mstari wa buluu ukatokea ndani ya maji, umenyooka toka upande huu hadi ule: vijipira vilikuwa vimejikunja, vikautawanya mwanga.

Akainusa chupa. "Na tochi hii nani kaigusa?"

"Tochi ni yako, mama!"

Ngole alibaki na maabara mpaka ilipoletwa kompyuta isiyomhitaji. Mchukuzi alifikisha mizigo salama. Bi Zamda alihamia kwa mdogo wake, akawa anapika sabuni. Chupa aliondoka nayo. Bado huimulika, kila mara kwa tochi nyingine.