Mbwa wa Getini

Daktari wa mifugo alipomnyoa mbwa manyoya ya shingoni, harufu ilipanda na mjane akageuza uso. Chini ya mkanda ngozi ilikuwa imechubuka, nyekundu, inatoa majimaji.

"Mama, huyu analala wapi mvua zote hizi?"

"Ana kibanda chake, daktari, ila hataki kuingia. Tangu mzee aondoke anashinda getini, anamngoja."

Daktari alimkabidhi chupa ya dawa. "Muogeshe kwa dawa hii, umkaushe mpaka katikati ya vidole. Mkanda usimvalishe kwanza. Lakini akiendelea kulowa, dawa ni kazi bure."

Walipofika nyumbani mvua ilikuwa imeanza tena. Mbwa alimponyoka, akaenda kujilaza kwenye tope, pua kwenye upenyo wa geti.

Mjane alimwita, akambembeleza, akamvuta, wapi! Mwishowe akapiga magoti topeni, akakishika kwa mikono miwili kile kichwa kilicholowa chapachapa. Kwa miezi miwili watu walikuwa wakimpa pole, naye alikuwa akiitikia tu. Neno lenyewe hakuwahi kulitamka.

"Harudi, baba," alimwambia mbwa. "Mzee harudi tena."

Hapo ndipo alipoangua kilio.