Alichokuwa Akisema Mama

Mama alicheka chumbani, na fundi, binti yake mkubwa, aliyekuwa sebuleni kwenye cherehani, akapitisha mshono nje ya mstari.

Ilikuwa Jumamosi. Mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa amekuja kama kawaida, na manukato yake yakiwa yametangulia kuingia. Angekaa saa moja kitandani kwa Mama, angeshikwa mkono, angechekewa, kisha angeondoka. Shuka zingefuliwa na nani? Na fundi.

Tangu kiharusi kimpige, Mama alipoteza Kiswahili chote. Kilichobaki kinywani ni Kifaransa, lugha aliyosomeshwa utotoni kabla ya kuolewa na kuletwa huku. Kati ya mabinti zake wawili, mdogo ndiye aliyekijua. Alikisoma chuoni, na sasa kilimpa kazi ya mapokezi hotelini. Dada mtu aliacha shule mapema akashika mkasi.

Kwa miezi saba fundi alikuwa akimwogesha Mama, akimgeuza, akimlisha uji kijiko kwa kijiko, na kila mara malipo yalikuwa yaleyale: "Merci, madame." Asante, bibie. Maneno ya kumwambia mtu baki. Lakini mdogo mtu akiingia tu, uso wa Mama ulifunguka, akamwita "ma fille", binti yangu, na maneno yakamwagika.

Fundi aliuliza zaidi ya mara moja Mama anasema nini. Mdogo wake aliinamisha macho.

"Mambo ya zamani tu, dada."

Mambo gani ya zamani yasiyotafsirika? Fundi aliona wazi kwamba anasengenywa ndani ya nyumba anayoifagia mwenyewe.

Mtaa wa pili aliishi mwalimu mstaafu wa Kifaransa, ambaye fundi alikuwa akimpunguzia suruali. Alimwendea na daftari. Akamwambia hataki kujifunza kuagiza chai wala kuulizia njia. Anataka mambo ya zamani. Mwalimu alicheka, akasema basi kuna wakati wa vitenzi ulioumbwa kwa kazi hiyohiyo, unaitwa imparfait. Si wa jambo lililotendeka mara moja likaisha; ni wa lililokuwa likitendeka, siku nenda siku rudi.

"Anza na 'sisi'," alisema. "Nous cousons, tunashona. Kata hiyo -ons. Umebaki na nini?"

"Cous."

"Sasa tia -ais. Je cousais. Nilikuwa nikishona."

Hilo fundi alilielewa papo hapo. Ni kufumua pindo na kutia jingine. Alijaza kurasa, akikata na kuunga, mpaka akakutana na être, kuwa, ambacho mwalimu alisema ni kichwa ngumu na hakifuati mtu: étais, ukariri hivyohivyo.

Taabu ilikuwa kwenye sikio. Mwisho wa "mimi", wa "wewe" na wa "yeye" ulisikika sawasawa.

"Usisikilize mkia," mwalimu alimwonya. "Sikiliza kichwa. Je ni mimi, tu ni wewe, elle ni yeye."

Elle ndiyo aliyokuwa akiiwinda fundi. Yeye. Yule anayesemwa akiwa upande wa pili wa ukuta.

Ilimchukua miezi minne. Jumamosi aliyoichagua, alikuwa ameshazipanga nguo za Mama kwenye sanduku na hotuba yake ameikariri: Mama mnapendana naye, mchukue ukakae naye kwako, umgeuze wewe usiku na mchana. Mdogo wake alipoingia chumbani, fundi aliendesha cherehani kidogo bila kitambaa, ili wadhani yuko kazini. Kisha akavua kandambili, akasimama nyuma ya pazia la mlango.

Mama alikuwa akizungumza polepole, mdomo ukivutika upande mmoja. Fundi alishangaa jinsi alivyoelewa.

Tu chantais. Ulikuwa ukiimba. Tu avais peur de la pluie. Ulikuwa ukiogopa mvua. Tu, tu, tu. Wewe, wewe, wewe. Alisubiri elle ije na ubaya wake, ije tu aisikie, apate haki ya kukasirika. Haikuja hata moja. Basi hata kusengenywa hasengenywi. Katika maisha yote aliyokuwa akiyakumbuka Mama kulikuwa na binti mmoja tu, na huyo alikuwa ameketi pale kitandani akinukia. Afadhali angesemwa.

"Tu cousais," alisema Mama.

Fundi alidhani amesikia vibaya. Mdogo wake hakuwahi kushika sindano. Hata kifungo kikikatika humletea yeye.

Mama akaendelea. Ulikuwa ukishona chini ya meza, alisema, vipande vya kanga zangu. Ulikuwa ukimbeba mdogo wako mgongoni mpaka alale, na ukimshusha analia.

"Oui, maman," aliitikia mdogo mtu, kwa sauti ndogo.

Nyuma ya pazia, fundi aliikumbuka ile meza, na uzito wa mtoto mgongoni.

Mama alivuta pumzi. Halafu akauliza, na safari hii hakutumia wakati uliopita: huyo mdogo wako yuko wapi, mbona miezi yote hii haji kuniona?

"Anakusalimia, Mama," alijibu mdogo mtu kwa Kifaransa. "Anasema atakuja."